Kipaza Asomea Ukalimani

Mshonaji huyu watu walimwita Kipaza, kwa maana akiwa kibandani kwake anashona sare za shule, mtu aliye ng'ambo ya barabara alijua kiuno cha nani kimeongezeka. Alisema akipima, alisema akikata, alisema na pini zimejaa kinywani, na pini zenyewe hazikuwahi kumchoma. Zilimwogopa.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu wa kike, kiziwi tangu utotoni, fundi viatu, mtu wa mikono myepesi na subira fupi. Tangu mama yao afariki, Kipaza ndiye aliyejifanya mdomo wa mdogo wake dukani, benki na hospitali. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Aliichukua tu, kama dada mkubwa anavyojichukulia kiti kizuri.

Basi mdogo mtu akaanza kuumwa tumbo, wakaenda hospitali. Daktari akauliza, "Maumivu yanaanzia wapi?" Kipaza hata hakugeuka kumtazama mgonjwa.

"Ni vidonda vya tumbo, daktari. Mama yetu alikuwa navyo, bibi yetu alikuwa navyo. Na huyu anapenda pilipili, humkatazi."

Zikaandikwa dawa za vidonda. Mgonjwa akazimeza mwaka mzima, tumbo nalo likazidi. Siku alipoanguka kati ya viatu vya watu, majirani wakamkimbiza hospitali nyingine. Kule kulikuwa na mkalimani wa lugha ya alama, na kwa mara ya kwanza mgonjwa akaulizwa mwenyewe. Kumbe ni mawe kwenye mfuko wa nyongo! Akaambiwa asubiri zamu ya kuonana na daktari wa upasuaji, na zamu yenyewe ilikuwa mbali.

Kipaza alifika kumjulia hali, ana chupa ya uji na maneno tele. Mdogo wake akamsimamisha kwa kiganja, kama askari wa barabarani anavyosimamisha lori.

"Siku ya kuonana na daktari wa upasuaji," akasema kwa mikono, "wewe hutanifasiria."

"Nani basi? Nimekusemea tangu unanyonya!"

"Hujanisemea. Umesema tu. Mimi nilikuwepo kama mkoba wako."

Kipaza akaondoka na uji wake. Kuitwa mwenye mkoba hakukumuuma sana. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba alikosa jibu, naye tangu azaliwe hakuwa amewahi kukosa jibu. Kulipokucha akaenda chuo cha ukalimani kujiandikisha. "Kama wanataka cheti," akamwambia mlinzi wa getini ambaye hakuwa ameuliza kitu, "cheti watakiona, na watakichoka."

Mwalimu alikuwa kiziwi, mwenye kipara kinachong'aa na amri moja: darasani hakuna sauti. Atakayetumia mdomo ataosha vikombe vya chai vya darasa zima. Kipaza akajidanganya kwamba kiziwi atajuaje. Mwalimu alisoma midomo kama wengine wanavyosoma bango. Kipaza aliosha vikombe mpaka wenzake, wote vijana, wakasahau bomba liko upande gani.

Mikono yake haikuwa na neno, ilikuwa imezoea. Tatizo lilikuwa uso. "Uso wako ni ukuta," mwalimu akamwambia. "Ukiuliza, nyusi ziulize nawe." Kipaza alikuwa na uso mmoja tu, wa kuwapokea wateja waliochelewa kulipa. Akimuuliza mtu kwa mikono "Umekula?", ilionekana kama "Umekula nini, mwizi wewe?" Akaanza kufanyia nyusi zake mazoezi kibandani, mbele ya kioo, huku anapima. Mama mmoja aliyepimwa nyonga akaona nyusi zinapanda, zinapanda, akabeba kitambaa chake akaondoka bila kuaga.

Lakini hayo yote yalikuwa mchezo. Mlima ulikuwa neno "mimi".

"Mkalimani hana mimi yake," mwalimu akafundisha. "Kiziwi akisema nimeiba, na wewe unasema nimeiba. Huongezi, hupunguzi, hujibu."

"Nisimame mbele za watu niseme nimeiba? Mimi, mtu mzima?"

"Hasa wewe."

Katika zoezi la kwanza kijana mmoja alisema kwa mikono, "Nina mimba, na sijui nitamwambiaje baba." Kipaza akafasiri kwa sauti nzuri: "Nina mimba, na ningemsikiliza shangazi yangu nisingeipata."

Msaidizi wa mwalimu, ambaye alikuwa anasikia, akampasha mwalimu habari. Mwalimu akashika kipara.

"Shangazi ametoka wapi?"

"Kila mtu ana shangazi," Kipaza akajibu, kwa mdomo. Akaenda kuosha vikombe.

Mafunzo yakafika mwisho, ikabaki kufasiri mbele ya watu wa kweli. Hapo mdogo wake akatokea chuoni mwenyewe, akamwambia mwalimu, "Zamu yangu imefika. Mtihani wake uwe pale kwa daktari wangu."

Mwalimu akakataa. Ndugu hamfasirii ndugu hospitalini, maana moyo huingilia mikono.

"Moyo wake si tatizo," mdogo mtu akasema. "Ni ulimi. Nataka niuone umefungwa kwa macho yangu. Akiongeza neno moja, mtoe, na asinifasirie tena maishani."

Mwalimu akafikiri, akakubali kwa sharti kwamba yeye na msaidizi wake watakaa pembeni, na msaidizi awe tayari kushika nafasi.

Daktari wa upasuaji alikuwa kijana mwenye haraka. Kipaza akasogeza kiti karibu naye, akamwelekea mdogo wake, mikono juu ya mapaja. Hakuwa amewahi kukaa hivyo hata msibani.

"Mama, mwambie mgonjwa—" daktari akaanza.

Kipaza akafasiri vilevile. Mgonjwa akarusha mikono.

"Daktari, zungumza na mimi," Kipaza akatoa sauti.

"Si ndiyo nazungumza na wewe, mama?"

Hilo nalo akalifasiri. Mdogo wake akajipiga kifuani.

"Mimi, huku," Kipaza akasema, macho mbele. Daktari akatazama huku, akatazama kule, mwisho akaelewa, akageuza kiti.

"Faili linasema ulitumia dawa za vidonda mwaka mzima. Kwa nini?"

Mdogo mtu akamkazia macho dada yake, akajibu polepole, kila alama imenyooka kama mshono. Kipaza aliziona zikija. Habari ya pilipili ilikuwa imekwisha kufika kwenye meno, inasukuma. Msaidizi pembeni akasogea mbele kidogo.

"Dada yangu ndiye aliyesema ni vidonda," Kipaza akasema. "Hakuniuliza. Dada yangu ni mtu wa kumjibia hata maiti."

Daktari akaguna. "Jamani, kuna watu! Huyo dada yuko wapi?"

Kipaza akauliza kwa mikono, nyusi juu kama alivyofundishwa. Jibu likaja.

"Yuko hapa. Ndiye anayefasiri."

Kalamu ya daktari ikasimama. Akamgeukia Kipaza. "Mama! Ni kweli?"

Kipaza akafasiri kwa mikono: Mama, ni kweli?

Mikono ya mdogo wake ikajibu. "Kweli tupu," Kipaza akasema, na sauti haikutetemeka.

Mdogo wake hakucheka. Alimtazama kama anayepokea kitu alichokisubiri mpaka akakata tamaa. Daktari akaendelea na mambo ya kisu, usingizi wa dawa na kutokula usiku wa kuamkia siku hiyo. Yote yakapita kwa Kipaza bila chumvi. Mwisho daktari akauliza, "Siku ya upasuaji utakuja na nani?"

"Na dada yangu."

"Kama mkalimani?"

"Hapana. Mkalimani nitaleta mwingine," Kipaza akasema, na hapo sauti ndipo ilipokwaruza. "Huyu aje kama dada."

Mwalimu akampa alama ya kufaulu. Kipaza hakumwona hata. Alimfuata mdogo wake mpaka kwenye korido, mikono imekwisha kuwaka, wagonjwa kwenye mabenchi wakapisha.

"Nimefaulu, halafu unanifukuza?"

"Nimekufukuza kazi. Nani amekufukuza udada?"

"Na nitakaa hapo nifanye nini, nihesabu vigae?"

"Ushike mkono wangu. Mkalimani haruhusiwi, mikono yake ina kazi."

"Sawa," Kipaza akasema. "Lakini huyo mkalimani wako akiruka hata neno moja, nitamkanyaga mguu."

"Ndiyo maana nakuleta," mdogo wake akasema.