Dada Yangu na Jina Lililonunuliwa

Dada yangu alikuwa akishona mikono ya mikoba, pale mwenye mkoba anaposhika. Ilikuwa mikoba ya gharama, ile ambayo mke wa mkubwa akiingia nayo ukumbini wenzake wanageuza shingo. Kila mshono aliupitisha kwa sindano mbili, moja huku, moja kule, na uzi aliupaka nta kwanza ili usichakae upesi. Vidole vyake vilinata mchana kutwa, ndiyo maana kiwandani wakamwita Mama Nta, na mtaani jina likamfuata.

Mumewe, yaani shemeji yangu, alikuwa mkataji wa ngozi humo humo. Kiwanda kilipofungwa, mwenye kiwanda aliwaambia wafanyakazi kimepumzika tu, kitafunguliwa. Wenzake waliitikia kwa adabu, kisha wakatawanyika kutafuta riziki. Shemeji peke yake ndiye aliyeyaamini maneno yale. Aliitwa kwenye karakana ya viti, akakataa. Aliitwa na fundi viatu, akakataa. "Wakifungua wanikute," alisema. Dada alifua nguo za watu ili watoto wale, na shemeji alikaa uani ananoa visu vyake vya kukatia. Waligombana mpaka majirani wakazoea. Alikufa bado anasubiri, na wakati huo kiwanda kilishageuzwa ghala la magodoro.

Ilipita miaka kumi na tisa ndipo akaja meneja. Alikuwa msichana mpole, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kampuni yake ilikuwa imelinunua lile jina la mikoba. Hakukuwa na kingine cha kununua, kwa sababu mashine zilishauzwa kama vyuma chakavu.

"Shikamoo mama. Tumekutafuta sana. Tunalifufua jina, na tumeambiwa mshonaji wa mikono ya mikoba ulikuwa wewe."

"Marahaba mwanangu. Tulikuwa sita."

"Wengine wako wapi?"

"Hao mtawafufua wenyewe."

Meneja hakujua acheke au atoe pole.

Dada alikubali kabla chai haijapoa. Alikuwa ameitamani kazi ile miaka yote, ila hakusema hata mara moja. Katika nyumba ile, aliyekuwa na ruhusa ya kutamani alikuwa shemeji tu.

Walimpa benchi la kazi katika chumba cheupe ghorofani, chenye dirisha kubwa na harufu ya rangi mbichi, na wasichana wanne wa kuwafundisha. Nilimsindikiza kila asubuhi kwa sababu ya goti lake. Goti halikupona, lakini alizipanda zile ngazi akilitukana badala ya kulilalamikia. Jioni alirudi ananukia nta, akaimba jikoni.

"Mama, umepata mchumba?" binti yake alimuuliza.

"Nimempata. Ana miguu minne, amesimama siku nzima na hanisemeshi."

Mikoba ilipokaribia kuanza kuuzwa, wakaja watu wa kutengeneza tangazo. Mpiga picha alimweka dada karibu na dirisha.

"Mama, tabasamu kidogo."

"Nikitabasamu nitajidunga."

Wote walicheka. Meneja akaketi mbele yake, akamwomba aseme maneno machache tu, kwamba kazi hii haijawahi kusimama. Alimweleza vizuri, bila kumkaripia, kwamba mtu anayenunua mkoba wa namna hii ananunua na miaka yake, na miaka yenye pengo katikati haivutii.

"Lakini ilisimama," dada alisema.

"Basi, mama, sema kwa maneno yako."

Akasema kwa maneno yake. Alisema kiwanda kilifungwa. Alisema mumewe aliambiwa kimepumzika tu, akasadiki, akakataa kila kazi, akasubiri mpaka akafa, na yeye mwenyewe alibaki amemkasirikia hadi siku ya kumzika. Mpiga picha alijifuta macho. Meneja alimshika dada bega, akamshukuru.

Tangazo lilipotoka, binti yake alituletea kwenye simu. Tulijibana watatu kitandani kutazama. Kwanza vilionekana vidole vya dada vikivuta uzi, na muziki wa taratibu chini yake. Kisha uso wake, na sauti yake ikasema, "Mume wangu aliambiwa kimepumzika tu. Akasubiri." Baada ya hapo ulitokea mkoba mwekundu, na lile jina kwa maandishi ya dhahabu. Likaisha.

"Lirudie," dada alisema.

Binti yake akalirudia. "Umependeza, mama," alisema taratibu.

"Wamemkata baba yako. Wamemwacha pale pale anaposubiri. Hafi."

Asubuhi hakwenda kwenye benchi lake. Alinyoosha moja kwa moja kwa meneja, nami nyuma yake nimebeba mfuko wake.

"Yawekeni maneno yote, au mtoeni mume wangu humo."

"Mama, watu wamelipenda mno. Wanalia. Wanaandika kwamba na wao wangetaka kupendwa hivyo."

"Aliyependwa hivyo ni kiwanda, mwanangu. Mimi nilikuwa nafua."

Meneja aliinamisha macho. "Mimi nimeajiriwa tu, mama. Nitazungumza na wenye kampuni, nakuahidi. Wewe endelea na kazi, usubiri kidogo."

"Nisubiri," dada alisema, na hakuwa anauliza.

Akaingia chumba cha kazi, akaitoa aproni yake kwenye mfuko niliobeba, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya benchi. Akalipapasa benchi lile kwa kiganja, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Msichana mmoja alianza kulia.

"Usilie juu ya ngozi," dada alimwambia. "Inaweka doa."

Tulishuka ngazi amenishika bega. Nilidhani tunakwenda nyumbani, lakini akakata kona kuelekea kwa fundi wa mabegi ya shule, yale ya nailoni yenye picha za katuni. Kelele za cherehani zake zinasikika barabarani. Dada hakuwahi kuipenda nailoni, alikuwa akisema haina mwili. Fundi alipotuona alisimamisha mashine.

"Karibu mama. Hebu, si wewe yule wa kwenye tangazo? Yule ambaye mumewe anasubiri?"

"Alikufa," dada alisema. "Nionyeshe pa kukaa."