Kasia Huvutwa kwa Kiuno

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya themanini, sikugusa maji kabisa. Mkufunzi mkuu wa klabu yetu ya kayaki hapa Kisumu, mama mkali, alinikalisha nyasini, akanipa kasia na kuniamuru ninyooshe viwiko. "Sasa piga!" Nikajikuta nageuza kiwiliwili kizima.

"Umeona?" akasema. "Kazi ni ya kiuno. Mkono unashika tu. Ukivuta kwa mkono, bega litakulilia."

Baadaye nikahamishiwa tawi la Dunga niwe mkufunzi, na kila Jumamosi nikarudia yale yale. Mikono ikae mbele ya kifua. Kasia likifika usawa wa nyonga, litoe majini. Ukitaka kugeuza kayaki kwa kuchovya kasia nyuma yako, geuza kifua na macho kwanza, usipeleke mkono peke yake, maana huko nyuma bega halina ulinzi. Jamani, hayo ni magumu?

Kwa Koplo Otieno, polisi aliyekuja kujifunza wikendi, yalikuwa magumu.

"Koplo, geuza kifua!"

"Madam, hii mkono imebeba gunia za mchele Ahero. Itashindwa na hiki kijiti?"

Ikaja miaka ya tisini na gugu maji likafunika ghuba. Siku moja tukirudi ufukweni, Koplo alitaka kukata kona ghafla. Akatupa mkono nyuma. Kasia likanasa kwenye mizizi, kayaki ikaendelea mbele. Bega likachomoka, naye akapinduka. Nilimshika kwa jaketi la kuokolea, mwanamume mzima akimwita mamake kwa Kijaluo.

Hospitalini walilirudisha, lakini likawa la kuchomoka hata akivaa shati. Meneja wa tawi alipomuuliza kilichotokea, alijibu bila aibu: "Ni gugu maji, Bwana Meneja." Nilitoka nje nisije nikatamka neno baya.

Sasa nimestaafu, naishi Migosi, na mabega yangu yote mawili ni mazima. Watu husema nina bahati. Bahati! Ni kiuno.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Koplo alimleta binti yake, Mercy. "Madam, mfundishe ile ya kiuno." Basi. Hakuna “pole”, hakuna “ulisema kweli”. Nikamtia Mercy majini, naye akaanza kuvuta kwa mikono, mabega masikioni, babake kabisa. Kabla sijafungua mdomo, Koplo alikuwa ameingia ziwani na viatu vyake.

"Kiuno, Mercy! Husikii? Kiuno!"

Nikaketi kwenye mawe, nikamwacha. Afadhali naye aonje kumfundisha mtu wa ukoo ule.