Pipa la Baba Mkwe

Sikumpenda baba mkwe wangu, na nasema hivyo bila kumung'unya maneno. Alikuwa balozi wa nyumba kumi kule Kanazi, mtu wa kufoka mikutanoni kuhusu wapika gongo, pombe ile haramu, na mimi aliniita mchoma vyuma mbele ya binti yake. Binti nikamwoa hivyo hivyo. Kisha siku moja, kwa hasira zangu za kijinga, nilitupa sahani ya matoke uani, naye akafunga mizigo yake akarudi kwao.

Nilikuwa fundi katika karakana ya ushirika, Hamugembe. Tulikuwa na mashine ndogo ya kuchomelea, ya waya, msaada kutoka nje. Ukibonyeza, waya unajitokeza wenyewe, ndiyo maana tuliiita cherehani. Watu waliidharau kwa udogo wake, wapumbavu wale. Nilimfukuza mmoja aliyekuja kuishika akiwa na kandambili kwenye sakafu yenye maji. Mwingine alikodolea macho mwanga wake bila kioo, kesho yake akaja analia kama aliyetiwa pilipili, ati nimemroga. Na pipa, lo, pipa sikuligusa kabla ya kuuliza lilibeba nini, kufungua vifuniko, kuliosha, na kulijaza maji mpaka karibu na ufa. Mvuke wa mafuta au pombe ukibaki ndani, cheche moja inatosha kuua mtu.

Sasa Jumatano moja mkwe akaja na pipa juu ya baiskeli, limepasuka kwenye mshono wa chini. Akatangaza mbele ya foleni nzima kwamba nikilitengeneza, Jumamosi nije na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi ya kuombea radhi, nimchukue mke wangu. Nilikuwa nimemkumbuka mno. Nikainama, nikafungua kifuniko, nikanusa. Gongo tupu. Balozi wetu, mkamata wapikaji, alikuwa mpikaji.

Kwetu mtu hamhoji mkwe wake. Usoni tu humtazami, sembuse kumuuliza hadharani alipikia nini. Nilijikaza, nikasema polepole nikitazama viatu vyake kwamba nitalijaza maji kwanza. Akawaka.

"Maji ya nini? Lilikinga mvua ya paa. Unataka kusema mimi napika gongo?"

Ningeweza kumtuma fundi mwenzangu amvute pembeni. Desturi yenyewe inaruhusu. Maneno mazito kati ya wakwe hubebwa na mtu wa tatu. Lakini nilikuwa nimejaa sumu, na ile heshima ikanipa mahali pazuri pa kuificha. Nikamwambia, kama mtoto kwa baba, "Samahani, tata, mashine imeharibika."

Haikuwa imeharibika. Akasonya, akasema nimsahau binti yake, akasukuma baiskeli kuelekea kwa fundi mwingine karibu na soko. Nikajisemea, aende na uongo wake, shauri yake.

Mlipuko tuliusikia kutoka karakanani. Yule fundi wa sokoni, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu yeyote, aliungua mikono yote. Mkwe alikuwa amesimama karibu akiamrisha pa kuchomelea. Alipoteza macho.

Alipotoka hospitali nilikwenda Kanazi na kibuyu changu cha rubisi, nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Nilimkuta amekaa mlangoni, kitambaa usoni, mke wangu akimpa uji. Kwa mara ya kwanza niliweza kumtazama usoni mkwe wangu, na sikutaka. Akaniuliza habari za kazi, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. Kisha akamgeukia binti yake.

"Nenda naye. Huyu alitaka kulijaza maji, mimi nikamfokea. Ni bahati yangu mbaya tu kwamba mashine yake ilikuwa mbovu siku ile."

Laiti angenitukana. Mke wangu hakuinuka. Aliijua mashine ile, maana jioni zote nilikuwa nikiisifu kwake, na hasira zangu alizijua zaidi. Akaweka bakuli chini, akanisindikiza mpaka nyuma ya migomba ambako mzee asingetusikia.

"Ilikuwa mbovu?"

Nikasema, "Haikuwa."

Aliinama, akakiokota kibuyu nilichokuwa nimekiweka miguuni pangu, akanirudishia mikononi, kimejaa kama nilivyokuja nacho.