Orodha ya Getini

Mama yangu anaishi chini ya ukuta wa kiwanda ninachofanyia kazi, upande wa geti kubwa. Mimi ni mhandisi wa usalama hapo. Tunachoma salfa, tunapata gesi, gesi tunaigeuza asidi, na asidi inakwenda kuyeyusha shaba. Gesi hiyo ikitoroka kabla ya kugeuzwa, inachoma macho, kisha koo, kisha mapafu. Kwa miaka sita niliyaeleza haya kwenye mikutano bila kumfikiria mama hata mara moja. Nilikuwa nasema "wakazi wa jirani."

Baba alifia katika kiwanda hichohicho nikiwa na miaka tisa. Kiwanda kimebadilisha wamiliki mara kadhaa tangu hapo, lakini geti ni lilelile, na desturi ya getini ni ileile. King'ora kikilia nje ya saa za zamu, wanawake wa mtaa huacha bukari, ugali wetu, jikoni, nusu unga nusu maji, na kukimbilia getini. Hapo ndipo mtu hutoka na karatasi akasoma majina ya walioumia. Hakuna aliyeiandika kanuni hiyo popote. Mke mgeni akihamia mtaani kwetu, jirani humfundisha hilo kabla hajamwonyesha maji yanachotwa wapi.

Miaka miwili iliyopita kampuni ilinichagua kwenda Ufaransa, ziara ya mafunzo ya wiki mbili kuhusu maafa ya viwandani na namna ya kujikinga nayo. Mama alinisindikiza hadi uwanja wa ndege wa Luano. Alinipa karanga za kukaanga, zao la shamba lake la Kasungami, akanionya nisile nyama mbichi. Alikuwa amesikia kwamba Wafaransa wanaila. Nilimcheka. Siku ya tatu wakaniletea nyama mbichi kwenye sahani, imesagwa, na kiini cha yai juu yake, nikala karanga.

Tulikuwa wanane, kutoka Zambia na kwetu Kongo, na kiongozi wetu alikuwa mzima-moto mstaafu, mtu mrefu aliyependa kuhesabu vitu. Alihesabu ngazi, milango, na sisi. Alitupeleka katika mji wenye viwanda vya kemikali kando ya mto. Huko king'ora hujaribiwa mara moja kwa mwezi, saa sita kamili mchana, na siku hiyo tulisimama barabarani kukisubiri. Kikalia. Mwanamume mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa hakugeuza hata shingo. Wenzangu walicheka. Mimi nilikasirika, na nikijichunguza sasa naona ulikuwa wivu.

Kisha tukaingia nyumbani kwa bibi mmoja anayeishi karibu na matangi. Alitufungulia kabati lake la jikoni: utepe mpana wa gundi wa kuziba madirisha, redio ya betri, chupa za maji. Aliyakariri maagizo bila kusoma. Ingia ndani, funga, ziba, sikiliza redio. Usiende kumchukua mtoto shuleni. Usitoke.

"Na kama mume wako yuko ndani ya kiwanda," nilimwuliza, "nani atakuambia kwamba yuko hai?"

Alijibu kwamba mume wake alikuwa tarishi wa posta.

Wote wakacheka tena, naye akacheka. Tulipotoka, mzima-moto alitembea kando yangu. Aliniuliza ni kwa nini nilitaka kujua hilo, nami nikamweleza habari za geti letu. Hakunipa hotuba. Alisema tu: "Basi jua habari hutolewa wapi kwenu, uzihamishie mahali salama. Watu watazifuata." Nililiandika neno hilo kwenye daftari. Katika mafunzo yote ya wiki mbili, na picha zote za matangi yaliyolipuka, ndilo pekee nililolitumia baadaye.

Jambo jingine ninalolikumbuka nililichukulia kama kichekesho. Siku ya mwisho, ndani ya kiwanda kimoja, walitufanyia zoezi bila kututangazia. Tulikimbilia mahali pa kukusanyika, chini ya bango la kijani, na mzima-moto akatuhesabu akishika orodha yake. Mmoja hakuwepo. Akahesabu tena. Mmoja hakuwepo. Uso ulimwiva, akaanza kuita majina kwa sauti ya ukali, hadi Mzambia mmoja akamgusa bega na kumwonyesha kidole kifuani. Mzima-moto alikuwa hajajihesabu mwenyewe. Tulicheka hadi wakati wa chakula, na mimi ndiye niliyecheka kupita wote.

Niliporudi niliwasilisha ripoti. Mkurugenzi aliipenda sana picha ya kabati la yule bibi. Wiki iliyofuata ghala letu lilipokea makatoni ya utepe wa gundi, tuwagawie wakazi wa jirani. Nilimpeleka mkurugenzi nyumbani kwa mama, nikamwonyesha nafasi iliyo kati ya ukuta na mabati, mahali ambapo mkono mzima unapita. Nikamwonyesha na jiko lililo uani. "Utepe huu tuubandike wapi?" nilimwuliza. Mama alimpa kiti na soda. Utepe ule hadi leo tunafungia vifurushi.

Ilikuwa wazi kwamba mtaani kwetu kujifungia hakutasaidia. Watu wanatakiwa kuondoka, wakienda upande unakotoka upepo. Kwa hiyo niliandaa zoezi. Tulipita nyumba kwa nyumba, kanisani, na msikitini wanakoswali mafundi cherehani waliotoka Maniema, tukiwaelekeza watu waende kwenye shule ya msingi iliyo juu kidogo, nyuma ya kiwanda, kule unakotoka upepo wa kiangazi. Usiku wa kuamkia zoezi, nikila kwa mama, nilimwambia mimi mwenyewe: kesho saa nne asubuhi king'ora kitalia, ni zoezi tu, uende shuleni.

Kesho yake saa nne king'ora kikalia, na mtaa mzima ukaja getini.

Nilisimama nyuma ya nondo za geti na saa ya kuhesabia mkononi, nikiwatazama. Wengine walikuwa na watoto mgongoni. Mstari wa mbele kabisa alisimama mama, mguu mmoja na kandambili, mwingine bila, na mfuko wa plastiki kwapani.

"Mama, jana si nilikuambia ni exercice?"

"Uliniambia."

"Sasa uko nafanya nini hapa?"

Alipumua kwanza. Alikuwa na miaka sabini na mbili na alikuwa amekimbia.

"Ile siku ya baba yako, sentinelle alitoka pale pale pako simama weye. Akasema, bamama, murudie ku nyumba, ni exercice tu. Mi nilirudia. Nilipika. Bale balikatala kurudia, njo balijua ba mbele. Mi nilijua mangaribi. Baba yako alikuwa ku morgue tangu asubui."

Kwa miaka thelathini na mbili hakuwa amenisimulia hilo: mlinzi aliyemrudisha nyumbani, na yeye kupika huku baba yuko mochwari. Nilikumbuka chakula cha siku ile, nilikuwa nimekila. Nikamwuliza ndani ya mfuko kuna nini. Akaufungua. Kulikuwa na kitenge kipya, kile tunachokiita kikwembe, kimekunjwa vizuri na bado kina karatasi ya dukani.

"Baba yako balimufunika na bâche ya camion," alisema. Turubai la lori. "Weye, habatakufunika na bâche."

Niliona aibu, kisha hasira, kisha aibu tena. Katika ripoti niliandika kwamba zoezi halikufikia malengo.

Hapo ndipo nilipolirudia daftari la Ufaransa na neno la mzima-moto. Ilinibidi kuihamisha orodha. Mkurugenzi alisumbua: hakutaka kampuni itume majina ya majeruhi mahali popote, aliona ni sawa na kujishtaki. Tulivutana siku nyingi. Mwishowe tukakubaliana kwamba nisiandike majeruhi, niandike wazima. Kila aliye kwenye zamu akifika mahali pa kukusanyika, jina lake linaandikwa. Naipiga karatasi picha, naituma kwa simu ya mwalimu mkuu wa shule, naye anawasomea watu. Jina likisomwa, mtu yuko mzima. Getini hakuna atakayesoma chochote tena.

Nilikwenda kumweleza mama. Alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, na hakuacha.

"Na kama jina haisomwe?"

"Unangoja. Inaweza kusomwa ku liste ya pili. Lakini ku geti hauende, mama. Gaz ikitoka, inapita pa geti kwanza."

Alichambua fungu zima kabla ya kunijibu. Mama si mtu wa kuahidi ovyo. Hajawahi kuniahidi hata kwamba atakuja kwenye sherehe, husema ataona.

"Nitaikala," alisema: atakaa shuleni angoje.

Mwezi wa nane mwaka uliofuata, saa nane mchana, kiungo cha bomba la gesi kiliachia. King'ora kililia, na halikuwa zoezi. Upepo ulikuwa ule wa kiangazi, na wingu, ambalo halionekani sana lakini linaonjeka mdomoni, lilishuka moja kwa moja kuelekea getini. Niliwaondoa walinzi. Nikiwa nimevaa barakoa yenye vioo niliangalia nje, nikaona kiti cha plastiki cha mwanamke auzaye mandazi hapo na ndoo yake yenye kifuniko. Mtu hakuwepo hata mmoja. Nilifurahi, nasema wazi. Nilisimama hapo nikilitazama geti tupu, nikafurahi kama mtoto.

Kisha nikakimbilia mahali pa kukusanyika, nikaandika. Niliwaita mmoja mmoja, kila mtu aliitikia, nikaandika jina lake kwa herufi kubwa ili mwalimu asibabaike. Nilihesabu mara mbili nikilinganisha na daftari la zamu ya mchana. Wote walikuwepo. Nikapiga picha, nikatuma, nikaona imefika, nikarudi kwa mafundi waliokuwa wakifunga bomba. Watu wawili walipelekwa hospitali kwa macho, wakarudi siku hiyohiyo. Simu niliiacha kwenye meza ya mlinzi, maana kwa glavu zile huwezi kuishika. Migomba ya jirani wa mama iligeuka njano kufikia asubuhi.

Saa kumi na nusu hivi, bomba limefungwa na hewa ya mtaani imesafika, nilipanda kwenda shuleni, kofia ngumu mkononi. Sitajificha: nilitegemea shukrani. Labda hata makofi.

Uwanjani kulikuwa kimya. Wanawake wengi walikuwa wamebaki, ingawa waume na wana wao walishasomwa. Walikaa wamemzunguka mama. Mama alikuwa kwenye dawati la wanafunzi lililotolewa nje, magoti yamebanwa kwa ufupi wa dawati. Mfuko wa plastiki ulikuwa chini. Kikwembe kilikuwa kimekunjuliwa, kimetandazwa mapajani pake, na karatasi ya dukani ilikuwa imebanduliwa.

Aliponiona alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, polepole. Akasimama, akanikaribia, akanipiga kofi mbele ya mtaa mzima. Mimi, mhandisi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu.

"Balisoma mara tatu," alisema. "Jina yako haikuwa."

Nilikuwa nimemkumbuka mzima-moto, na kidole cha Mzambia kifuani pake, na jinsi nilivyocheka hadi mbavu zikauma. Daftari la zamu ya mchana halina jina langu. Mimi si wa zamu. Niliwahesabu wote isipokuwa aliyekuwa anahesabu. Mwalimu mkuu alinionyesha simu yake: alikuwa amenipigia, na kupiga, na kupiga.

Nikauliza swali la kijinga, kwa sababu ndilo lililokuja.

"Mama, haukuya ku geti?"

"Ulisema niikale," alisema. "Njo niliikala."

Zaidi ya saa mbili. Alikaa pale akiwa mama wa mtu aliyekufa, umbali ambao angeweza kuutembea kwa dakika kumi, kwa sababu nilimwomba akae. Sijui kama mimi ningeweza. Nadhani nisingeweza.

Nilimshika mkono nimpeleke nyumbani. Akautoa.

"Andika."

Orodha ilikuwa kwa mwalimu. Alikuwa ameinakili kwa mkono kwenye ukurasa wa daftari la shule ili asome vizuri. Alinipa kalamu nyekundu ya kusahihishia. Niliweka karatasi juu ya dawati, nikaandika jina langu chini ya majina yote.

"Sasa basome," mama alimwambia mwalimu.

"Mama, yeye mwenyewe huyu hapa," mwalimu alisema.

"Basome."

Mwalimu mkuu alisimama mahali pake pa siku zote, mbele ya bendera, akaisoma orodha upya tangu jina la kwanza. Hakuruka hata moja. Wanawake walisimama wakasikiliza, kila mmoja akiitikia kwa kichwa jina la wa kwake lilipofikiwa, kana kwamba analisikia mara ya kwanza. Jina langu lilikuja mwisho.

"Iko," mama aliitikia kwa niaba yangu, kwa sauti.

Kisha akaketi tena kwenye dawati, akakikunja kikwembe kwa mikunjo yake ileile ya dukani, akakirudisha mfukoni. Tulishuka polepole kwenda kupika.