Mawese Mekundu

We, unajua mawese mekundu yana dawa ya macho? Mi sikujua! Wakati wa vita, barabara ya Rumonge ikifunguka, mawese yanafika, na sisi wanamuke wa mutaa wa Buyenzi tunayachoma kwanza motoni mpaka yawe meupe, harufu itoke. Ukipika na mekundu, majirani wanakucheka: "Mama, umekuwa mushamba?"

Basi mujukuu wangu wa kike, jua likizama tu, haoni. Anagonga mulango, anakanyaga sahani ya ugali. Nikamukimbiza disipanseri, naogopa atakuwa kipofu. Nesi akauliza tunapika namna gani. Nikamwambia. Akashika kichwa: "Bibi, ule wekundu ndio vitamini A! Munaichoma yote!"

Akamupa mutoto dawa, na mi nikarudi kupika isombe, yale majani ya muhogo, na mawese mekundu. Majirani walicheka, halafu wakaomba sahani!

Siku moja, magharibi inaingia, nahangaika na sindano. Yule mutoto akaninyang'anya, uzi ukapita mara moja. Nilipiga vigelegele, majirani wakatoka wote. Yeye akanishika mukono:

"Bibi, we zeeka tu. Sindano zako zote nitakutungia mi."