Alama Chini ya Dirisha la Tatu

Waliponiomba niandike historia ya kanisa letu la hapa Molo kwa ajili ya jubilei, nilikubali kwa sababu moja tu: nilitaka jiwe la mama yangu liingie kitabuni akiwa bado hai.

Kila aliyewahi kuisimulia historia hiyo alianza na mmishonari na hema lake, akaruka hadi kwa mchungaji wa kwanza, kisha akawapanga wazee wa kanisa kwa vyeo. Kuta zilijijenga zenyewe, nadhani.

Mama ndiye aliyenieleza. Kila Alhamisi, baada ya maombi ya akina mama, walishuka machimboni na kupanda na mawe mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, katika baridi hii yetu ya kukata masikio. Ili mtu asisemwe kwamba amekwepa zamu, kila mmoja alikwaruza jiwe lake kwa msumari, alama ileile aliyoiweka kwenye mkebe wake wa maziwa. Wengi hawakujua kusoma, lakini alama za mikebe walizijua zote. Ya mama ilikuwa mistari miwili na kiduara, chini ya dirisha la tatu, upande wa shamba la viazi.

Nikaandika yote. Nikachora kila alama niliyoipata, nikapeleka kurasa zangu kwa kamati kifua mbele.

Mwenyekiti alisoma, akavua miwani. "Mwalimu, asante sana. Hii miaka yote hatujawahi ona hiyo mikwaruzo. Sasa mgeni wa heshima akuje apate ukuta imechorwa-chorwa hivyo? Si atadhani ni watoto wa Sunday school?"

Nilicheka, nikidhani ananitania. Jumamosi iliyofuata nilikuta fundi ameshapiga plasta na kupaka rangi ya krimu ukuta mzima. Nilikasirika, na aliyeniudhi zaidi ni mimi mwenyewe. Mawe yale yalikaa salama maisha yangu yote kwa kuwa hakuna aliyeyatazama. Mimi ndiye niliyewaonyesha kwa kidole.

Kurasa zangu nazo ziliondolewa kitabuni. Ati watu wangesoma, kisha waulize alama ziko wapi. Nilibishana nao hadi sauti ikakauka, wakafunga mkutano kwa sala.

Siku ya sherehe mama hakungoja hotuba. Alizunguka nyuma na fimbo yake, akainama chini ya dirisha la tatu, akapapasa ukuta kushoto, akapapasa kulia. Nilisimama kando nikiwa na kitabu kipya kwapani.

"Wameifunika," akasema, akijifuta kiganja kwenye leso. Kisha akakitazama kitabu. "Si neno. Kwa kitabu si iko?"

Nikamwambia iko.

"Basi nifungulie nione," akasema. Kusoma hajui, lakini alama yake anaijua.