Lea wa Chumba cha Mianzi

Kama uliwahi kulala kwenye hoteli yetu hapa juu ya Uyole kabla haijabadilishwa, nakuomba radhi kwa niaba ya wote. Vyumba vilikuwa vya wanyama. Mgeni anatoka Tunduma, amechoka na barabara, anafungua mlango anakutana na blanketi la madoa ya chui na kichwa cha nyati cha plastiki kinachomtazama juu ya mto. Mimi niko jikoni, sikuwahi kuulizwa. Lakini ningeulizwa ningesema: huku tunalima viazi na mahindi, chui wa nini?

Aliyethubutu kuuliza hivyo mbele ya bosi ni Lea, msimamizi wa vyumba. Bosi wetu, Bwana Philbert, ni mtu wa Makambako aliyejenga maisha yake kwa mbao, na hapendi kuulizwa. Safari hiyo akamwambia, "Haya, wewe unayejua, tengeneza." Nadhani alitaka kumkomoa. Lea akatengeneza.

Akaondoa wanyama wote akaweka watu. Chumba kimoja kikawa cha Iringa, na vikapu vya nyasi za milulu kila mahali, hadi taa ikafunikwa kwa kikapu. Kingine kikawa cha wafugaji wa Usangu. Kingine cha chai. Na cha mwisho kabisa, kinachotazama bonde, kikawa cha Kinyakyusa: kuta za mianzi, kitanda cha mianzi, hata mlango wa bafu wa mianzi iliyosukwa. Hicho alikihangaikia kuliko vingine vyote, na mimi nilijua sababu.

Lea si Mnyakyusa. Ni mtu wa Ilula, upande wa Iringa, aliyekulia katika nyumba ya Walutheri wanaolima nyanya. Kazi ya hoteli aliianza kwa kufua mashuka Iringa mjini, na ndiko alikompata Danieli, fundi umeme wa Uyole aliyekuja kufunga taa. Kazi ya siku mbili ilimchukua Danieli wiki nzima, maana kila taa aliyofunga leo iliharibika kesho, na ziliharibika zile za kule kwenye chumba cha kufulia tu. Wakaoana. Akamleta Uyole, kwenye nyumba ndogo aliyokuwa amejenga ndani ya kiwanja cha baba yake, Mzee Lutengano.

Hapo ndipo Lea alipofanya kosa lake la kwanza. Kwao msichana mwenye adabu humnawisha baba mkwe mikono. Basi jioni ya kwanza akachukua jagi na beseni, akapiga magoti mbele ya mzee, akamsalimia kwa Kihehe, "Kamwene, baba." Mzee akainuka, akatoka nje, na chakula kikapoa mezani. Lea alilia usiku kucha akidhani amechukiwa.

Mama mkwe wake ndiye aliyemweleza kesho yake jikoni, huku akicheka hadi anajifuta machozi. Mwanangu, hapa kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Hakai naye chini ya paa moja, halitamki jina lake, na akimwona anakuja huiacha njia. Mzee naye hivyo hivyo, akikaribia kona ya nyumba anakohoa kwanza ili upate nafasi ya kuondoka. Wanyakyusa wengi siku hizi wameshalegeza, wapo wanaopiga picha na baba wakwe zao wakiwa wamekumbatiana. Mzee Lutengano hakulegeza hata kidogo.

Nilipoambiwa mambo hayo mara ya kwanza nilikasirika, nisiseme uongo. Nilimwambia Lea, "Sasa huyo ni mzazi au ni askari wa doria?" Akanijibu kwamba ni heshima, nikizoea nitaona. Maneno yalipita kwa mama mkwe au kwa Danieli. Mzee akitaka kusema kuku wa Lea wanaharibu bustani, Danieli alileta. Lea akitaka kumpelekea mzee sweta, mama mkwe alipeleka. Nyumba ilikwenda vizuri tu.

Kisha mama mkwe akafariki kwa ugonjwa. Mwaka uliofuata Danieli akapata ajali ya pikipiki njia ya Igawilo, hakufika hospitali. Hawakuwa wamejaliwa mtoto.

Tangu mazishi, Mzee Lutengano hakuwa amempelekea mkwe wake neno lolote. Angelipeleka kwa nani? Lakini kimya cha heshima na kimya cha kukataliwa vinafanana kwa mtu anayelala peke yake. Shangazi mmoja wa Danieli alikuwa ameshaanza kusema, tena kwa sauti, kwamba mjane asiye na mtoto anasubiri nini kwenye kiwanja cha watu. Kaka yake Lea, Zabron, alikuwa anapiga simu kila Jumapili kutoka Ilula: rudi dada, chumba chako kipo. Lea alimwambia atamjibu vyumba vikishafunguliwa.

"Sitaki kiwanja, Da Sabina," aliniambia siku moja tukimenya viazi. "Nataka kujua tu kama bado mimi ni mtu wa pale. Akisema niondoke, nitaondoka. Lakini aseme."

"Kamuulize."

Akanitazama kama mtu aliyeona nimetia chumvi kwenye chai.

Bwana Philbert naye ana mambo yake. Kabla ya kufungua alitaka vyumba vikaguliwe na wenyewe, maana yake wazee wa kila upande waje waangalie, waseme kama ndivyo walivyo au tumewatengenezea kichekesho. Wazo zuri, nalikubali. Kutoka Usangu alikuja mama mmoja wa Kisukuma, Mbuke, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi. Alisimama mbele ya ngozi ya ng'ombe iliyotundikwa ukutani akaishika mkia.

"Huyu alikufa na nini?"

Hakuna aliyejua.

"Basi mtoeni. Mtu wa kwetu hawezi kulala hapa mpaka ajue. Atakesha anawaza ugonjwa."

Ngozi ikatolewa. Wa Iringa alikuwa mzee wa kanisa, akasifu vikapu vyote, halafu akauliza polepole kama kuna mahali pa kuweka ulanzi, ile pombe ya mianzi. Tulicheka siku nzima.

Wa chumba cha mianzi, Bwana Philbert alituambia, amempata mzee mmoja wa hapa hapa chini, anayejua nyumba za zamani kuliko wote. Anaitwa Lutengano.

Lea alikuwa ameshika mto. Aliendelea kuuvisha foronya, lakini aliivisha kinyumenyume. Bosi alipotoka akaniambia, "Huyo ni baba yake Danieli," na akakaa sakafuni.

Bosi hakujua. Lea anatumia jina la baba yake wa Ilula kazini, na Bwana Philbert si mtu wa kuuliza habari za nyumbani. Tukapanga vizuri: mzee atakuja saa nne, Lea atakuwa amemaliza na kuondoka zamani, mimi nitamtembeza mzee na kumweleza. Mipango ya wanadamu. Mzee Lutengano ni mtu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye shamba la utafiti, hajawahi kuchelewa mahali popote maishani mwake. Alifika kabla ya saa tatu, akiwa na koti na kofia. Bosi akampokea mwenyewe getini kwa furaha, akamleta moja kwa moja.

Mimi nilikuwa nyuma yao na sinia la chai na magimbi. Niliposikia wanaelekea wapi nikakaza mwendo, kwa sababu nilijua Lea bado yumo ndani anapanga taulo. Ningepiga kelele? Nikasema nini?

Tulipoingia, chumba kilikuwa kitupu. Mlango wa bafu umefungwa. Mlango wenyewe ni wa mianzi iliyosukwa, una matundu kila mahali, na nikaona taulo likipandishwa taratibu kwa ndani, likiziba.

Mzee alivua kofia. Akatazama dari, akapapasa ukuta, akabonyeza godoro kwa kiganja. Uso wake ulikuwa umelainika. Bwana Philbert, naye amefurahi, akaita, "Lea! Lea yuko wapi? Njoo umweleze mzee ulivyofanya!"

Mzee aliuondoa mkono kitandani haraka kama aliyeshika sufuria ya moto. Akageuka, akaenda dirishani, akasimama anatazama bonde, mgongo kwetu.

"Lea!" bosi akaita tena, akasikia kikohozi kidogo cha kujizuia bafuni. "Unafanya nini humo? Toka."

Nikamvuta bosi mkono. "Bosi, huyu mzee ni baba mkwe wake. Hawaonani. Ni mila."

Bwana Philbert alicheka kwanza, akadhani namtania. Alipoona sicheki, akakunja uso. "Sabina, hii ni hoteli. Mgeni anakuja anataka maelezo, msimamizi wangu amejifungia chooni? Kesho atakuja mjomba wake, atapanda darini?"

"Bosi, taratibu."

"Taratibu nini? Mumewe si alishafariki? Mungu amrehemu. Basi ukwe umekwisha. Hapa kuna mfanyakazi na mgeni, hakuna mkwe. Au nasema uongo, mzee?"

Nilitamani kumwagia mtu chai, na mtu huyo nilikuwa namjua. Swali lililomkosesha Lea usingizi tangu mazishi, bosi amelitupa katikati ya chumba kama ganda la ndizi, na Lea mwenyewe yuko nyuma ya taulo anasikiliza.

Mzee Lutengano hakugeuka. Aliongea na kioo cha dirisha.

"Nani kakwambia umekwisha?"

Bosi akarudi nyuma hatua moja.

"Mwanangu kafa. Mke wa mwanangu hajafa. Yule nikimtazama usoni, ndio siku nimemfukuza. Mimi sijamfukuza. Nani kasema nimemfukuza?"

"Hakuna, mzee," bosi akasema, sauti imeshuka.

"Wanasema. Nimesikia wanasema. Dada yangu anasema." Akainamisha kichwa. "Mke wangu ndiye alikuwa mdomo wangu kwake. Akafa. Mtoto akawa mdomo wangu. Akafa. Ningesema na nini? Nikipita pale naona taa yake inawaka, nasema, haya, yupo. Nakwenda kulala."

Taulo lilikuwa linatikisika. Mimi nililia waziwazi, sina aibu ya kulia, na bosi akawa anatazama viatu vyake.

"Mama," mzee akasema, na nikaelewa ananiita mimi. "Unaitwa nani?"

"Sabina, baba."

"Mama Sabina, unaweza kunifikishia maneno kwa mkwe wangu?"

Mkwe wake alikuwa umbali wa hatua chache, anasikia kila kitu. "Naweza, baba," nikajibu.

"Mwambie nyumba yake inavuja upande wa jikoni, nimeona kwa nje. Nimeshaongea na fundi, atakuja wiki hii kuweka bati. Na mwambie shangazi yake asimbabaishe, mimi nitaongea naye."

Nikaenda kwenye mlango wa mianzi, nikarudia neno kwa neno, kama vile ninapiga simu Iringa. Kutoka ndani Lea akanong'ona, sauti imejaa maji, "Mwambie nimesikia."

"Amesikia, baba."

"Haya. Na chumba." Akajikohoza, akawa mkaguzi tena. "Mianzi imekatwa wakati wake, haitaliwa na wadudu. Usafi ni wa kwetu kabisa, mama yake Danieli angeona angefurahi. Kasoro ni moja. Mlango ni mmoja. Nyumba ya Mnyakyusa, mkwe akiwa ndani, mzee atapita wapi?"

Swali lilikuwa la kweli, maana hapo hapo tulikuwa tumekwama. Mlango wa kutokea uko ubavuni mwa bafu. Mzee hawezi kuupita mlango wa matundu ulio na mkwe wake, na Lea hawezi kutoka akiwa mzee yumo. Bosi akasema mzee afumbe macho tu apite.

Mzee akavaa kofia. Akafungua dirisha, lile kubwa la kuelekea barazani, akainua mguu mmoja akaupitisha juu ya fremu. Mzee wa umri ule, na koti lake la kanisani.

"Mzee, utaanguka!" Bwana Philbert akakimbia kumshika kiwiko.

"Nishike, basi," mzee akasema.

Akapita, bosi akimsukuma kwa ndani na kumbembeleza, mpaka akasimama barazani anapangusa vumbi kwenye suruali. Hapo ndipo mlango wa bafu ulipofunguka. Lea alitoka ameinamisha kichwa, macho mekundu, anatabasamu kama binti aliyechumbiwa jana. Hakutazama dirishani. Akanishika mabega, akashukuru kwa Kinyakyusa.

"Da Sabina, mwambie ndaga fijo."

Nikachungulia nje dirishani. Mzee alikuwa ametupa mgongo, anaangalia mawingu yaliyokuwa yanajikusanya juu ya safu ya milima.

"Baba, mkweo anasema ndaga fijo."

Alitikisa kichwa kukubali. "Mwambie leo asichelewe kurudi nyumbani," akasema. "Mvua hii itanyesha."

Nikageuka nikamwambia Lea.